Baisikeli katika Njia za Changarawe, Kutoka Mto Yala Hadi Mto Nzoia

Mtu atakaye kusafiri kwa baisikeli kutoka Siaya kwenda Usenge au Port Victoria huanza kwa kuuliza swali moja: ni kilomita ngapi? Swali hilo ni jema, lakini si la kwanza. Katika nchi iliyo kati ya Mto Yala na Mto Nzoia, karibu na Ziwa Victoria, yafaa kwanza kuuliza hivi: njia hiyo imepita juu ya udongo gani, na maji yake hukimbilia wapi? Ajuaye jibu hufika, na mzigo wake u mkavu. Asiyejua huishia kubeba baisikeli begani, na pengine asifike kabisa.

UDONGO MWEKUNDU NA UDONGO MWEUSI

Barabara kuu ya lami itokayo Kisumu kwenda Busia hupita Maseno, Luanda, Yala na Ugunja. Kutoka barabara hiyo njia nyingi za changarawe huteremka upande wa magharibi, zikipita katika nchi ya Gem na Alego, mpaka tambarare ya ziwa. Huko juu, kwenye miinuko, udongo mwingi ni mwekundu, na chini yake mara nyingi mna changarawe ngumu. Mvua ikinyesha maji huteremka upesi, na jua likiwaka saa chache njia hupitika tena.

Lakini katika mabonde na tambarare za chini kuna udongo mweusi. Wakati wa kiangazi udongo huu hukauka na kupasuka; wakati wa masika huvimba na kunata kama gundi. Hushika tairi, hujaa kati ya gurudumu na bamba la kuzuia matope, hata gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo nguvu za miguu hazifai kitu.

Basi kanuni ya kwanza ni hii. Wakati wa kiangazi, fuata njia iliyonyoka. Wakati wa mvua, yaani tangu Machi mpaka Mei, na tena tangu Oktoba mpaka Desemba, fuata njia ya mgongo wa kilima hata ikiwa inazunguka. Kilomita 20 za mgongoni zaweza kwisha kabla ya kilomita 8 za matope.

MTO HUTOKA MBALI

Mgeni wa Bunyala huweza kuona mbingu nyeupe, jua kali na vumbi njiani, akadhani hakuna hatari. Hilo ni kosa. Maji ya Mto Nzoia hutoka katika vilima vya Cherang'any na Mlima Elgon, na Mto Yala hutoka upande wa Nandi. Mvua ikinyesha huko juu, maji huchukua muda kufika chini, na huweza kukikuta kijiji ambacho hakijapata hata tone. Watu wa Budalangi wameyajua hayo kwa machozi. Mwaka 2007, na tena mwaka 2020, Nzoia ilifurika, na maelfu ya watu wakayaacha makao yao.

Ziwa lenyewe nalo hupanda. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961 zililijaza, na mwaka 1964 likafika kiwango ambacho hakikuwahi kuandikwa kabla ya hapo. Kiwango hicho kilipitwa mwezi wa Mei mwaka 2020. Njia iliyopita kando ya ufuo mwaka jana yaweza kuwa chini ya maji mwaka huu, na ramani ya zamani haitakuambia.

Kwa hiyo, kabla ya kushuka Bunyala, uliza katika daraja la Ruambwa, ambapo njia huvuka Nzoia: maji yamepanda au yameshuka tangu jana? Wavuvi na wenye maduka wa hapo watakujibu vizuri. Kuuliza si ujinga. Tena juu ya matuta yaliyojengwa kuuzuia mto watu hupita kwa miguu na kwa baisikeli. Kiangazi njia hiyo ni nzuri na ina upepo, lakini mto ukiwa umejaa usipite kamwe, kwa maana tuta likibomoka hapatakuwa na nafasi ya kukimbia.

Ukikuta maji yanapita juu ya barabara, usijaribu bahati yako. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima, na magurudumu ya baisikeli huyapa maji mahali pa kusukuma. Ngoja yapungue, au rudi.

KINAMASI CHA YALA

Kati ya mito hiyo miwili kuna kinamasi cha Yala, chenye mafunjo mengi na maziwa madogo. Kanyaboli ndilo kubwa katika hayo, nalo lina samaki aitwaye ngege, ambaye karibu ametoweka katika ziwa kuu baada ya mbuta kuingizwa humo. Ndani ya mafunjo yumo pia nzohe, mnyama wa jamii ya paa apendaye kukaa majini.

Asimamaye upande wa Alego huviona vilima vya Yimbo, na Got Ramogi ni kimojawapo, akaona kama ni karibu sana. Macho hudanganya. Kinamasi kiko katikati, na njia za matuta zilizomo huteleza vibaya baada ya mvua. Panga safari yako kama mtu atakayezunguka, na ukipata njia kavu ya kukatiza, shukuru.

SAA NA UPEPO

Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likipanda, upepo hugeuka ukatoka ziwani kuja bara, na ndio huleta mawingu ya radi upande wa miinuko wakati wa alasiri. Mwenye akili hushuka ziwani alfajiri, upepo ukimsukuma mgongoni, naye hurudi mapema mchana upepo huo mwingine ukimsaidia, ili awe amefika kabla ya radi. Zaidi ya hayo, jioni viboko hutoka majini kula majani, na mtu aliye peke yake ufuoni wakati huo hana ulinzi wowote.

BAISIKELI YENYEWE

Tairi nyembamba iliyojazwa upepo mpaka ikawa kama jiwe hurukaruka juu ya changarawe na kuteleza. Tairi pana, yenye upepo uliopungua kidogo, hushika njia vizuri zaidi. Lakini mwenye gunia la omena juu ya karia asipunguze upepo wa gurudumu la nyuma, maana ringi itagonga mawe na tyubu itatoboka. Breki zikaguliwe kila baada ya safari ya matope, kwa kuwa mchanga huzila upesi. Tena chukua pampu, viraka, spana na maji ya kunywa.

MCHEZO NA KAZI

Siku hizi kupanda baisikeli katika njia za changarawe kumekuwa mchezo mkubwa. Mbio za Migration Gravel Race zilianza katika nchi ya Maasai Mara mwaka 2021, na mashindano ya kwanza ya dunia ya mchezo huo yalifanyika Italia mwaka 2022. Watu wa magharibi mwa Kenya hawana haja ya kushangaa. Tangu miaka ya 1960 wapanda baisikeli wa mpakani walibeba abiria na mizigo kati ya Kenya na Uganda, na jina la boda boda likatoka huko. Pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini samaki, maziwa na mahindi bado huenda sokoni kwa baisikeli. Wageni wakija kwa mchezo watahitaji kuongozwa, na maarifa ya kijana wa Alego au Bunyala juu ya udongo na maji ni mali anayoweza kuiuza.

Lakini njia isipotunzwa haitamfaa mwanamichezo wala mchuuzi. Kinachoiharibu kwanza ni maji yaliyokosa pa kwenda, hata kabla ya uzito wa magari. Mkulima alimapo mpaka ndani ya mtaro wa barabara, au akaburuta jembe la ng'ombe njiani, mvua ya kwanza hupita katikati ya barabara na kuchimba korongo. Mstari mmoja wa mahindi alioupata hautalipa gunia la omena lililoozea njiani, wala hautamfikisha hospitali mgonjwa aliyekwama. Kila mwenye shamba kando ya njia azibue mtaro ulio mbele ya shamba lake kabla ya mvua za Machi. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na jembe la mkono latosha.