Kuurejesha Msitu wa Masingini si Kazi ya Siku Moja

Imekuwa ada kwa makampuni, mabenki na mahoteli kuwatoa wafanyakazi wao siku moja kwenda kupanda miti kwa kujitolea. Jambo hilo ni la kushukuriwa. Hata hivyo, wanaokusudia kuifanya kazi hiyo katika Msitu wa Hifadhi wa Masingini wanapaswa kufahamu kwanza faida ya msitu huo, na mahitaji ya mche baada ya wao kuondoka.

Masingini ni ardhi iliyoinuka kaskazini mashariki ya Mji wa Zanzibar, karibu mita 120 juu ya usawa wa bahari, na ndiyo sehemu iliyo juu kabisa katika kisiwa cha Unguja. Mvua inayonyesha hapo hupokelewa na majani, ikateremka taratibu hadi kwenye mboji na kuzama ardhini. Maji hayo ndiyo yanayolisha chemchem za Mtoni na Bububu. Sayyid Barghash, aliyetawala tokea 1870 hadi 1888, aliyavuta maji ya Bububu kwa mfereji hadi mjini, na mji wa wakati huo ulikuwa mdogo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ile ya 2022 ilihesabu 893,169. Nyumba zimeusogelea msitu, na pahala panapokatwa miti maji ya mvua hayazami tena, bali hukimbilia mabondeni yakichukua udongo.

Kupanda ndiyo sehemu iliyo nyepesi. Mche hupandwa Masika, ardhi ikisha kuloa sawasawa. Kampuni ikichagua tarehe kwa ajili ya sherehe yake, ikaangukia Januari, miche itakutana na jua la Kaskazi na mingi itakufa. Kiriba nacho lazima kichanwe na kuondolewa, ama sivyo mizizi hujizungusha ndani yake na mti ukadumaa. Kila bwana shamba anayajua hayo, lakini mwenye kushika jembe kwa mara ya kwanza hana budi kuelezwa.

Kazi nzito ni palizi. Udongo wa upande huo wa kisiwa una rutuba, na mimea inayotambaa huufunika mche katika wiki chache tu. Palizi huendelea kwa miaka 2 au 3. Kwa hivyo kikundi kinachopanda miche 200 na kurudi kuipalilia kinafaa zaidi kuliko kinachopanda 2,000, kikapiga picha na fulana mpya, kisha kisionekane tena.

Aidha, pahala pengine hapahitaji kupandwa kabisa. Ndege na popo huleta mbegu, na miche ya asili huota yenyewe chini ya miti mikubwa. Mgeni anayefyeka bila ya kuonyeshwa huweza kuimaliza kwa panga miche hiyo akidhani ni magugu. Ikumbukwe pia kwamba kukata mti katika msitu wa hifadhi bila ya kibali ni kosa chini ya Sheria Nambari 10 ya 1996, hata kwa mwenye nia njema.

Afisi au kampuni itakayotaka kujitolea ni vyema ipeleke barua kwa idara inayosimamia misitu mapema kabla ya Masika, ikitaja idadi ya watu itakaowaleta na, zaidi ya hayo, siku watakazorudi kwa palizi.