Likizo ya Kwenda Kuokoa Watu

Februari 2022, maji yalipopanda tena Goodna, kitongoji cha Ipswich hapa Queensland, baba wa mmoja wetu alishinda kutwa akijaza mifuko ya mchanga pamoja na watu waliovaa magwanda ya rangi ya chungwa. Hao ni wa kikosi cha kujitolea cha dharura cha jimbo, wale ambao ukipiga 132 500 paa lako likiezuliwa na upepo, wanakuja na maturubai na kamba. Jioni kiongozi wao akamwambia baba, "Una nguvu wewe, njoo ujiunge nasi."

Baba alizaliwa Uvira. Akamuuliza swali moja tu: siku hizo nani atalipa?

Yule bwana akajibu kwamba kwake si tatizo. Yeye ni mtumishi wa serikali, na akiitwa kikosini mshahara wake unaingia kama kawaida. Baba anafanya kazi ya kibarua katika kiwanda cha nyama. Aliporudi nyumbani akatusimulia, akamalizia, "Mimi nikikosa zamu tatu, boss atatafuta mwingine."

Makala hii ilianzia kwenye swali hilo la baba.

Kwa sheria, baba ana haki kubwa kuliko alivyodhani. Sheria ya kazi ya Australia ya mwaka 2009 inamruhusu mfanyakazi, hata kibarua, kutokuwepo kazini anapoitwa na kikosi cha dharura alichojiunga nacho. Anapaswa kumwarifu mwajiri mapema awezavyo, na akiombwa uthibitisho autoe. Mwajiri haruhusiwi kumfukuza kwa sababu hiyo. Lakini haki yenyewe ni ya kutokuwepo tu, malipo hayamo. Mwajiri akitaka kulipa ni hiari yake.

Waajiri wanaolipa mara nyingi ni serikali zenyewe. Wasomaji mtakumbuka Desemba 2019, moto wa nyika ulipowaka wiki baada ya wiki na moshi ukaifunika Sydney na Canberra. (Sisi tulikuwa sekondari, na watoto tulikatazwa kucheza nje.) Wazimamoto wengi waliokuwa vijijini walikuwa watu wa kujitolea, na wengine walikuwa wametumia likizo zao zote za mwaka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Scott Morrison, alikuwa amekataa wazo la kuwalipa. Siku moja kabla ya Krismasi serikali yake ikatangaza kwamba watumishi wa umma wa shirikisho wanaojitolea watapata angalau siku 20 za kazi zenye malipo, ikaziomba kampuni kubwa zifanye vivyo hivyo. Siku chache baadaye wakafikiriwa waliojiajiri na wa kampuni ndogo na za kati: dola 300 kwa siku, zisizidi 6,000, kwa aliyekaa kazini kwa zaidi ya siku 10.

Darasani tulibishana kuhusu neno. Tulipoandika "likizo ya malipo", mwenzetu mmoja alisema likizo ni mapumziko, na hakuna anayepumzika juu ya paa lenye utelezi saa nane za usiku. Alipendekeza "ruhusa ya malipo". Tunaona ana hoja. Mtu huyu hapewi zawadi. Anahamishwa tu kutoka kazi moja ya umma kwenda nyingine kwa siku chache.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema malipo yanaharibu kujitolea. Kule Uvira, mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, majirani walifukua matope kwa mikono yao na hakuna aliyeomba ruhusa popote. Wengi hawakuwa na bosi wa kumwomba. Hapa kila saa ina bei, na kodi ya nyumba haingojei mto ushuke. Anayejitolea akiwa na mshahara wa kudumu anatoa usingizi wake. Kibarua anatoa usingizi na chakula cha wiki. Nyongeza ya asilimia 25 anayolipwa kibarua kwa kukosa likizo haikupangwa kwa ajili ya mafuriko.

Angalia basi wazazi wetu wako wapi: viwanda vya nyama, makao ya wazee, usafi wa usiku. Halafu tunaulizwa mbona vikosi hivi havina watu wetu. Tumeshawahi kusikia kwamba ni utamaduni, eti sisi hatujazoea kujitolea! Aliyesema hivyo hajawahi kuona msiba wa Mkongo, namna chakula kinavyopikwa na watu ambao hawakuitwa. Malipo ya dharura yaliyotolewa mwaka ule wa moto yalionyesha kwamba inawezekana kuwafikia walio nje ya serikali. Tungependa yawe utaratibu wa kila mwaka, na vibarua wa kampuni kubwa wamo.

Kwa wanachama wanaoomba kazi serikalini mwakani: kabla ya kutia saini, someni mkataba wa idara yenu, mahali panapotaja huduma za dharura. Siku zinatofautiana, na hakuna atakayekuja kukuambia.

Baba alijiunga hatimaye. Magwanda yananing'inia nyuma ya mlango wa gereji. Simu ikilia Jumamosi, anatoka mbio. Ikilia Jumanne, kwanza anaitazama ratiba ya zamu iliyobandikwa kwenye friji.