Ni kichwa au ni mikono? Kitendawili cha mchezaji gofu

Jumamosi moja jioni, mke wa rafiki yangu alinipigia simu. Hata hali hakunijulia.

"Shemeji, hebu njoo uzungumze na mwenzako. Amerudi kutoka kwenye hiyo gofu yake, hajala, hajasema na mtoto, na sasa yuko nje gizani anapiga hewa kwa fimbo."

Nilipofika nilimkuta kweli uani. Taa ya veranda ilikuwa inawaka, naye alikuwa anajipinda kulia na kushoto mbele ya dirisha la sebule, akijitazama kwenye kioo. Mwanawe wa darasa la saba alikuwa ndani akimchungulia kwa mshangao kupitia dirisha lilo hilo.

Huyu ni bwana wa miaka 54, karani wa benki aliyestaafu mapema, mtu mpole asiyeinua sauti. Gofu aliianza akiwa na miaka 41, na kwa bidii yake handikepu ilishuka hadi 14. Halafu, kwa muda wa miezi minne, mpira ukakataa kumtii. Kila akiupiga kwa ile fimbo ndefu ya kuanzia, draiva, ulianza safari vizuri, kisha ukakata kona kwenda kulia na kupotelea vichakani. Pesa zilizowekwa kwa ajili ya tangi la maji zilikwenda kununua draiva mpya. Tangi halikuja, na mpira ukaendelea kupinda. Mama wa nyumba alikuwa bado anachota maji kwa mitungi, na sasa mnaelewa kwa nini simu ile ilikosa salamu.

"Kilabuni wote wananiambia ni kichwa," akaniambia. "Eti niache kufikiri. Wewe ni mtu wa kusoma, hebu nieleze: mtu huachaje kufikiri?"

Sikuwa na jibu usiku ule. Lakini swali lake nimelichukulia kwa uzito tangu siku hiyo, maana limewatesa watu wakubwa kuliko yeye. Mchezaji mpira unapomkataa, tatizo liko mikononi au liko kichwani?

Tuanze na mikono, maana hapo hakuna uganga. Mpira wa gofu ni mdogo. Uzani wake hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93. Mchezaji huuinua mkono na kuushusha kwa muda wa sekunde moja hivi, na katika muda huo, kushuka kwenyewe huchukua kama robo sekunde tu. Fimbo na mpira hugusana kwa muda usiofikia hata elfu moja ya sekunde. Katika kufumba na kufumbua huko, jambo kubwa ni moja: uso wa fimbo unatazama wapi? Ukielekea kulia kwa nyuzi 5 tu, mpira uliopigwa mita 200 utaangukia karibu mita 17 pembeni ya shabaha, na hapo hatujahesabu kupinda.

Kupinda nako kuna sababu yake. Ikiwa fimbo inapita njia moja na uso wake unatazama upande mwingine, mpira huzunguka kimshazari na hewa huupeleka kando. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mpira huanza safari kwa kufuata njia ya fimbo. Mitambo ya rada iliyoenea katika miaka ya 2000 imeonyesha kwamba unafuata zaidi uso wa fimbo. Wapo makocha ambao hadi leo hawajaisikia habari hiyo, na wanaendelea kuwatibu watu malaria kwa dawa ya minyoo.

Sasa angalia jinsi hofu inavyoingia mlango wa nyuma. Mtu ambaye mpira wake umepinda kulia mara tatu hujilinda. Hujipanga akielekea kushoto zaidi, kisha huivuta fimbo kukatiza mbele ya mwili wake. Na kuvuta huko ndiko kunakoongeza kupinda! Kadiri anavyoogopa kulia ndivyo anavyoupeleka mpira kulia. Juu ya hayo, mtu mwenye hofu hukaza mikono. Mkono uliokazwa haugeuki kwa wepesi, na uso wa fimbo hubaki wazi. Ukimtazama ukiwa pembeni utasema ana kosa la ufundi. Ukimuuliza yeye, atakwambia moyo unamdunda.

Kisa kinachonisikitisha kuliko vyote ni cha Ian Baker-Finch, Mwaustralia. Mwaka 1991 alishinda British Open katika uwanja wa Royal Birkdale, na siku ya mwisho alimaliza mashimo tisa ya kwanza kwa mapigo 29. Hayo ni matokeo ambayo wengi hawayapati hata ndotoni. Akiwa na miaka 30, dunia ilikuwa mikononi mwake. Lakini hakuwa mpigaji wa mbali. Akaamua kuurekebisha upigaji wake ili aongeze masafa.

Polepole nyumba ikaanza kuvuja. Mwaka 1995 alirudi kwenye British Open, safari hii St Andrews, Scotland. Shimo la kwanza pale linapakana na la mwisho bila kitu chochote katikati, hivyo mchezaji anaanzia mbele ya kiwanja chenye upana wa zaidi ya mita 100. Mtu akifumba macho ataupata. Baker-Finch aliupiga mpira ukaenda kushoto, ukavuka kiwanja chote na kutoka nje ya mipaka. Aliyekuwa akicheza naye siku hiyo ni mkongwe Arnold Palmer, na watu waliofika kumuaga Palmer walikuwa wengi. Hebu fikiria aibu hiyo.

Mwaka huo na uliofuata, aliingia mashindano 29 ya ligi ya Marekani, PGA Tour. Hakumaliza hata moja akiwa miongoni mwa waliopita mchujo. Ama aliondolewa, ama alijiondoa, ama alikatazwa kuendelea. Mwaka 1997 huko Royal Troon alipiga 92 katika raundi ya kwanza, mapigo 21 juu ya kiwango cha uwanja. Alilia, akaondoka, na hakurudi tena katika ushindani wa kila wiki. Baadaye alikuwa mtangazaji wa gofu kwenye televisheni, kazi aliyoifanya kwa miaka mingi na kwa sifa.

Lakini kuna jambo moja linalofumbua fumbo hili. Katika uwanja wa mazoezi, Baker-Finch alikuwa akipiga mipira inayonyooka kama mshale. Mikono ile ile, fimbo zile zile. Alipotembea hatua chache hadi mahali pa kuanzia, ujuzi ukayeyuka. Kama kasoro ingekuwa ya ufundi peke yake, ingemfuata hadi mazoezini. Kwa hiyo mwisho wa kisa chake ulikuwa kichwani, sina shaka. Mwanzo wake je? Mwanzo wake, kwa maoni yangu, ulikuwa ufundi: mtu aliyekuwa na kitu kinachofanya kazi akakifungua ili akiboreshe, na hakuweza kukifunga tena kama kilivyokuwa.

Msomaji, usikimbilie kusema basi kila kitu ni kichwa. Kuna Mjerumani aitwaye Bernhard Langer, naye kisa chake kinageuza meza. Langer alianza kama kedi akiwa mtoto, akibeba mikoba ya wenye pesa, njia ile ile ambayo wachezaji wengi wa kulipwa hapa Kenya wameipitia. Akiwa bado kijana, mikono yake ilianza kushtuka kila alipotaka kuusukuma mpira shimoni kutoka karibu. Si umbali wa kutisha. Ni ule ambao mtoto angeuweza. Mkono unaruka wenyewe na mpira unapita.

Wachezaji huuita ugonjwa huo yipsi, jina lililoenezwa na Tommy Armour, bingwa wa US Open wa mwaka 1927, ambaye naye ulimshika. Wengi walidhani ni woga tu. Lakini watafiti wa Mayo Clinic huko Marekani walipouchunguza mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliona kwamba si wagonjwa wote wanafanana. Kwa wengine ni woga wa kushindwa mbele ya watu. Kwa wengine ni hitilafu ya neva, misuli kujikaza bila kuamriwa kutokana na kurudia tendo moja dogo maelfu ya mara. Hitilafu kama hiyo huwapata pia wapiga piano na waandishi wanaoshika kalamu mchana kutwa. Mtu wa namna hii ukimwambia "jikaze, acha woga", unamwonea.

Langer hakukaa kubishana kama ni kichwa au ni mikono. Alibadilisha jinsi ya kushika. Kwanza aliuweka mkono wa kushoto chini ya wa kulia kwa mipira ya karibu, na mwaka 1985 akashinda Masters kule Augusta. Ugonjwa uliporudi, alibuni mtindo wa ajabu: aliiegemeza fimbo kwenye mkono wake wa kushoto na kuushika mkono huo pamoja na fimbo kwa kiganja cha kulia, kana kwamba amevunjika na amefungwa banzi. Watu walicheka. Mwaka 1993 alishinda Masters ya pili hivyo hivyo. Baadaye akahamia kwenye fimbo ndefu inayofika kifuani, na sheria ilipopiga marufuku kuiegemeza mwilini kuanzia mwaka 2016, alijifunza kuitumia bila kuigusisha kifua. Mwaka 2023, akiwa na miaka 65, alishinda US Senior Open na kuvunja rekodi ya ushindi katika ligi ya wazee wa Marekani, kwa kufikisha mataji 46.

Yaani jambo ambalo kila mtu aliliita la kichwa, yeye alilitibu kwa mikono. Nadhani siri ni kwamba ushikaji mpya ulimpa mwili kazi mpya, ambayo ule mshtuko wa zamani ulikuwa haujaizoea.

Na kuhusu lile swali la rafiki yangu, mtu huachaje kufikiri, liko jibu la utafiti. Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha watu wasiojua gofu kupiga mpira mfupi kuelekea shabaha. Kundi moja liliambiwa lifikirie mwendo wa mikono yao, jingine lifikirie mwendo wa fimbo. Waliofikiria fimbo walilenga vizuri zaidi. Mtu haachi kufikiri. Anahamisha fikira kutoka mwilini mwake na kuipeleka nje. Ni kama kubeba ndoo kichwani. Ukianza kuwaza shingo yako, maji yamemwagika.

Turudi kwa yule bwana wangu. Wiki mbili baada ya usiku ule alinialika nimfuate uwanjani, mimi nisiyejua kushika hata fimbo ya kuchungia mbuzi. Aliyembebea mkoba ni kedi mzee, mtu wa maneno machache. Baada ya mpira wa tatu kuingia vichakani, mzee alinyosha mkono.

"Mkubwa, nipe glavu yako."

Akaigeuza juani. Chini ya kiganja, karibu na kifundo, ngozi ilikuwa imetoboka.

"Fimbo inateleza humu ukiwa juu," mzee akasema. "Unaishika kwa kiganja. Ishike kwa vidole."

"Mzee, umenibebea mkoba miezi minne. Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, mkubwa. Uliuliza wenzako."

Alimshika vidole kimoja kimoja na kuvipanga. Mpira wa kwanza ulikwenda chini chini kama panya. Wa tano ulinyooka. Wa sita pia. Bwana yule alinigeukia akicheka, na nikakumbuka kwamba kwa miezi kadhaa nilikuwa sijayaona meno yake. Dawa iliyotafutwa kwa pesa za tangi ilikuwa kwenye glavu mfukoni mwake.

Ningependa kuishia hapo, lakini hadithi haikuishia hapo. Tulipofika shimo la saba, ambalo lina mto upande wa kulia na ndipo balaa lake lilipoanzia, nilimwona anaukazia macho ule mto. Mabega yakapanda. Aliishika fimbo kwa vidole, sawasawa kabisa kama alivyofundishwa, na mpira ukaenda moja kwa moja majini.

Hakusema kitu. Mzee naye hakusema kitu. Aliirudisha draiva mkobani na kumpa fimbo ya chuma namba 5, ambayo haifiki mbali lakini haina visa. Kisha akamwonyesha mti uliokuwa mbele upande wa kushoto, akamwambia ataje kwa sauti ni mti gani.

"Mkaratusi," akasema, na akapiga.

Mpira ulianguka nyasini, mita 140 hivi. Tangu siku hiyo hutumia namba 5 kwenye shimo hilo, Jumamosi baada ya Jumamosi, na wenzake humcheka kidogo. Handikepu yake sasa ni 15. Draiva mpya aliiuza kwa hasara mwezi uliofuata, na shemeji yangu aliniambia kwenye simu, safari hii akianza kwa salamu, kwamba mafundi walikuwa nje wanajenga jukwaa la tangi.