Kikundi ni Mali ya Wanachama: Maelezo kwa Kata Zilizokuwa Makazi

Waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipokelewa nchini na kupewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na ya Katumba na Mishamo, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Mwaka 2007 Serikali iliwafungulia njia ya kuomba uraia, na kuanzia mwaka 2014 watu wapatao 162,000, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa hapa nchini, walikabidhiwa vyeti vya uraia wa tajinisi.

Cheti hubadili hadhi ya mtu kwa siku moja, lakini mazoea hayaondoki kwa kasi hiyo. Kwa miaka zaidi ya 40 mambo makubwa ya makazini yaliamuliwa na Mkuu wa Makazi, na misaada ilikuja kupitia mashirika. Si ajabu basi kwamba Afisa Maendeleo ya Jamii anapohimiza wananchi waunde kikundi, bado wapo wanaosubiri awatajie mwenyekiti.

Afisa ni mlezi, si kiongozi wa kikundi. Kazi yake ni kueleza taratibu, kupitia katiba na kumbukumbu, na kupeleka maombi ya usajili Halmashauri. Hachagui viongozi, hatunzi fedha, na funguo za sanduku hazimhusu. Anayejitwalia madaraka hayo, hata kwa nia njema, huwaachia wananchi kikundi kitakachokufa siku atakapohamishwa kituo.

Jambo linalohitaji muda zaidi ni katiba. Wapo wanaonunua nakala steshenari, wakabadilisha jina na kugonga muhuri. Katiba ya namna hiyo haijui maswali ya wanachama wenyewe. Mwanachama akihamia mkoa mwingine, akiba yake italipwa lini? Akifariki, nani atapokea hisa zake, mjane au kaka wa marehemu? Asiyejua kusoma atahakikishaje kilichoandikwa katika daftari? Kaeni vikao viwili au vitatu, jadilini, kisha andikeni mlichokubaliana. Kumbukumbu ziwe kwa Kiswahili, lakini mjadala uelezwe pia kwa Kirundi pale walipo wazee wasiofuata vizuri Kiswahili cha ofisini. Bibi anayetoa akiba yake kila wiki ana haki ya kuelewa anachokipigia kura.

Swali jingine ni kama kikundi kiwe cha wananchi wapya peke yao. Utaratibu wa mikopo ya Halmashauri huangalia uraia, hauulizi asili ya mtu, na uraia wa tajinisi ni uraia kamili kwa jambo hili. Kwa shughuli za kilimo na biashara, maoni yetu ni kwamba jirani aliyezaliwa kijiji cha pili ni mwanachama mzuri, kwani anayajua masoko ambayo wengine ndio kwanza wanaanza kuyafikia.

Kuhusu mikopo, Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini ni deni, na unarejeshwa na kikundi kizima. Kikundi kilichoundwa haraka kwa ajili ya mkopo pekee hugawana fedha na kusambaa, kisha wachache waliobaki ndio hufuatwa na deni. Anzeni na akiba yenu, hata iwe ndogo. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vinatakiwa kusajiliwa, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Wanaotaka kusajili kikundi wafike kwanza kwa Mtendaji wa Kijiji kupata barua ya utambulisho, kisha kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata wakiwa na katiba, muhtasari wa kikao cha kuunda kikundi, na orodha ya wanachama iliyosainiwa. Asiyejua kuandika aweke dole gumba.