Nyumba ya Mkutano Inaenea Watu Wangapi?



Mkutano mkuu unapokaribia, komite nyingi zinapanga vizuri siku, saa na mambo ya kuzungumza. Ukubwa wa nyumba unakumbukwa mwisho. Tunapotembelea makooperativi tunaona matokeo: waliofika mapema wamejaza mabenchi, na mama wenye watoto mgongoni wamesimama nje dirishani. Kura inapigwa juu ya pesa ya kukata kwa kila kilo ya kahawa, na walio nje hawakusikia swali. Kesho yake wanasema: "Sisi hatukukubali." Njo maana kuhesabu nafasi ni kazi ya komite.

Namna ya kuhesabu

Mutafute metre ya fundi, ao kamba yenye fundo kila metre moja. Tuseme ni darasa la shule, urefu metre 9, upana metre 6.

Urefu: mbele muache metre 2 za meza ya komite, na nyuma metre 1 ya kupita. Zinabaki 6. Safu moja ya mabenchi, pamoja na nafasi ya magoti, inakula metre 1. Basi ni safu 6.

Upana: katikati muache njia ya metre 1. Zinabaki 5, yaani benchi la metre 2 na nusu kila upande. Mtu mmoja anahitaji sentimetre 50, kwa hiyo benchi moja ni watu 5, safu moja ni watu 10. Nyumba nzima ni watu 60.

Mama mwenye mtoto tunamuhesabia nafasi ya mtu na nusu. Wakija 20, nyumba ya watu 60 inakuwa ya watu 50. Na yale mabenchi ya shule yenye meza yanakula nafasi zaidi. Muyatoe nje, mulete mabenchi ya kawaida.

Muangalie na mlango. Watu wakipita 50, mlango mmoja hautoshi. Milango ibaki wazi, na njia ya katikati isiwekwe viti.

Sasa mufungue daftari

Tuseme kooperativi yenu ina wanamemba 140, na statuti zinataka zaidi ya nusu wawepo. Hao ni 71. Nyumba ya watu 50, hata ikijaa kabisa, haiwezi kufanya mkutano wenye nguvu. Sheria ya OHADA juu ya makooperativi, iliyopitishwa Lomé mwaka 2010, inampa kila mwanamemba kura moja, awe na mafungu mengi ao machache. Kura hiyo inamsaidia nini mtu aliyebaki nje?

Nyumba ikiwa ndogo, muombe kanisa ao hangari ya kooperativi. Huku Kivu, kati ya mwezi wa 6 na wa 8 mvua ni kidogo. Munaweza kukaa chini ya miti, mradi kivuli kitoshe na sauti ifike nyuma. Kama statuti zenu zinaruhusu, kila kijiji kikutane kwanza, kichague wajumbe.

Mupime mbele ya kutuma mialiko. Hesabu muiandike katika kitabu cha komite. Mwaka ujao itasaidia tena.