Tule Sikukuu, Isitule

Kiswahili kina namna yake ya kuieleza sikukuu. Tunaiadhimisha na kuisherehekea kama watu wengine, lakini zaidi ya yote tunaila. Utamsikia mtu akisema anakwenda Mombasa kula Krismasi, na mwingine kwamba Idd hii ataila kwa wakwe zake Msambweni. Wanafunzi wangu wa isimu hunitajia upesi maana za ziada za kitenzi hiki: kula kiapo, kula njama, kula hasara, kula rushwa. Kula sikukuu hawaitaji mpaka niwaulize, pengine kwa kuwa hapo kitenzi hakijahama mbali na sufuria.

Kauli hiyo ilinijia kwa uzito katika kijiji kinachotazamana na kisiwa cha Chale, kusini mwa Diani, waliko jamaa zangu wa upande wa mama. Miaka michache iliyopita mjomba wangu, mtu aliyekwisha kula chumvi nyingi, alitoka kuswali Idd mosi akapita nyumba sita kabla ya adhuhuri. Kila nyumba alikuta tambi zilizokolea sukari, kaimati zilizogaragazwa katika shira, mahamri, na gilasi ya sharbati. Mjomba ana kisukari. Vidonge vyake alikuwa ameviacha nyumbani kwa sababu, alisema, leo ni sikukuu. Kana kwamba maradhi nayo yamekwenda likizo. Usiku wa Idd pili alikuwa haachi kunywa maji wala kwenda msalani, na kulipopambazuka maneno yake yakawa hayaeleweki. Tulimkimbiza hospitali, akaokolewa. Lakini huko ndiko kilikofichuliwa kidonda cha mguuni alichokuwa ametuficha, na kidonda hicho kikamgharimu vidole viwili.

Alipopata nafuu nilimuuliza mbona hakukataa. Akanijibu swali kwa swali: "Mwanangu, ukikataa cha mtu siku ya Idd, unamwambiaje?"

Sikuwa na jibu, na mimi ndiye mwalimu wa lugha. Hakika adabu zetu zimejaa maneno ya kukaribisha, ila ya kukataa ni machache na hayana nguvu. Ukisema umeshiba, utaulizwa, "Hata kidogo?" Ukisema unaumwa, utaambiwa hiki hakidhuru. Mwenyeji hana ubaya. Anaogopa asidhaniwe mchoyo. Na miongoni mwa Wadigo, ambao kwa jadi ukoo uliufuata upande wa mama, mjomba si mtu wa kuondoka nyumbani kwa mpwa wake na kuiacha sahani imejaa.

Basi na tuhesabu kile tunachokaribishana. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayoipata katika chakula. Kwa mtu mzima wa wastani, hiyo ni kiasi cha gramu 50, yaani vijiko vya chai 12 hivi kwa siku nzima. Chupa moja ya soda ya mililita 300 aghalabu huwa na gramu 30 na ushei. Chupa mbili, na kiwango kimepitwa kabla kaimati haijaguswa! Chumvi nayo, shirika hilo hilo linataka isizidi gramu 5 kwa siku, nazo ni pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Mpishi wa pilau anayetia chumvi kisha akaongeza vidonge vya kukolezea mchuzi hupita hapo bila kujua. Ajabu ni kwamba tunamsifu mzee kwa kusema amekula chumvi nyingi, ilhali mzee huyo ndiye mwenye presha, ndiye anayepaswa kuiepuka.

Kiporo nacho kina hatari yake. Wali wa karamu ukiachwa sufuriani usiku kucha katika joto la pwani, viini vilivyosalimika jikoni huota na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Usiopelekwa kwenye jokofu mapema, bora uende kwa kuku. Kuhusu kileo nitasema machache. Tembo la mnazi, ambalo Wamijikenda huliita uchi (Waswahili na wacheke wapendavyo), huzidi kuchachuka saa baada ya saa, hivyo kikombe cha jioni si kile cha asubuhi. Ama pombe isiyojulikana ilikotoka, mnamo Novemba 2000 Nairobi ilizika zaidi ya watu 100 waliokunywa iliyotiwa methano.

Lakini narudi kwenye swali la mjomba. Nililizungusha akilini muda mrefu, hadi nikatambua kwamba jibu analo kila mtoto aliyewahi kusimama jikoni: ni kitenzi kuonja. Aonjaye hajakataa. Amepokea, amemheshimu mpishi, tena amejipa haki ya kutoa hukumu, jambo ambalo mlaji wa sahani tatu hana nafasi nalo. Nilimweleza mjomba. Nikazungumza pia na shangazi na wake wa binamu zangu, kwani mgeni hawezi kuonja ikiwa mwenyeji amekwisha kumpakulia mlima.

Idd iliyopita nilifuatana naye. Alimeza vidonge vyake nyumbani, akala mbaazi na mtsunga kwa kipande kidogo cha sima, tukatoka. Katika nyumba ya kwanza sinia liliwekwa mbele yake kama zamani. Mjomba akalitazama, akasema, "Nionjesheni." Kukawa kimya kidogo. Kisha mwenye nyumba akaliondoa sinia, akaleta kisahani chenye kaimati moja na kikombe cha kahawa chungu. Mjomba akaimega kaimati, nusu akanipa mimi, nusu akaitafuna polepole, halafu akauliza ni nani aliyezikaanga mwaka huu.