Ajira za mtandaoni: Anayekuomba hela si mwajiri (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tulitazama sababu zinazomfanya kijana wa Ulyankulu, akishamaliza chuo au kidato cha nne, atafute kazi kwa kupekua simu. Leo tunaingia kwenye utapeli wenyewe: unavyosukwa, na mahali pa kuunasa kabla haujafika mfukoni.

Kanuni ya kwanza ndiyo mama wa nyingine zote. Katika ajira ya kweli fedha hutoka kwa mwajiri kwenda kwa mfanyakazi. Unyamwezi kanuni hii si ngeni. Karne ya 19, misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilitegemea mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kwa kawaida mpagazi alipokea sehemu ya ujira wake kabla ya kuanza safari, akahesabiwa kwa doti za nguo. Njiani alidai posho yake, na akiona ahadi inavunjwa alitua mzigo akaenda zake. Mwenye msafara ndiye aliyelala macho. Henry Morton Stanley, aliyefika Tabora mwaka 1871 akajikuta kwenye vita dhidi ya mtemi Mirambo, aliandika malalamiko mengi juu ya wapagazi waliotoroka na madalali wa Bagamoyo. Hatari ya kupoteza mali ilikuwa ya mwajiri. Tapeli wa leo ameigeuza: anataka mpagazi alipie mzigo atakaoubeba.

Chambo chake hakikosi ukweli. Reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma ina urefu wa kilometa 506. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga, linakatiza mkoa huu huu wa Tabora. Kazi kwenye miradi hiyo zipo na watu wanaajiriwa, kwa hiyo ujumbe unaotaja reli au bomba hauonekani kuwa ndoto.

Tuuchukue ujumbe wa aina hiyo tuuchambue: “Hongera, umechaguliwa nafasi ya mtunza stoo. Unaripoti Jumatatu. Tuma 35,000 ya fomu na vipimo vya afya, jina litakuja la ofisa wetu wa fedha.” Pongezi zinakufurahisha upesi, usije ukajiuliza uliomba lini. Jumatatu inakunyima muda wa kuuliza watu. Shilingi 35,000 imepimwa: si ndogo ya kutia shaka, wala si kubwa ya kushindwa kukopwa kwa jirani. Kisha lile jina. Tapeli anajua kwamba ukituma fedha simu itakuonyesha jina la mtu binafsi, kwa hiyo anakupa maelezo kabla hujashtuka. Ukishatuma, kesho kuna fedha ya sare, keshokutwa ya kitambulisho, halafu namba haipatikani tena.

Upo utapeli mwingine unaoanza kwa kukulipa. Unaahidiwa ujira kwa kutazama video au kubonyeza alama ya kupenda, unapata vijisenti vya siku mbili tatu, ndipo unaambiwa uweke kiasi fulani ili “upande daraja”. Mapema mwaka 2025 wengi nchini walilia baada ya kuweka akiba zao kwenye mtandao wa LBL, ulioahidi malipo kwa kutazama matangazo ya filamu. Kazi inayodai mtaji wako kabla ya jasho lako si kazi.

Anwani ya tovuti isome ukianzia mwisho wa jina lake. Tovuti za serikali huishia na .go.tz. Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye portal.ajira.go.tz, na kuomba ni bure. Ukikuta kitu kama “ajira-go-tz.com”, herufi za serikali zimewekwa katikati kama pambo, mwisho wake ni .com, ambao yeyote mwenye fedha kidogo anaweza kuununua.

Kwa kazi za nje ya nchi, muulize wakala leseni yake, kisha ukaihakiki kwa Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA. Hatari ya kutohakiki ipo: tangu mwaka 2022 Kenya imekuwa ikiwarudisha raia wake walioahidiwa kazi za ofisini Thailand, wakavushwa mpaka hadi Myanmar na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni.

Ulyankulu ina jambo lake la ziada, nalo ni nyaraka. Makazi haya yalifunguliwa kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, na mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 wa kundi hilo, katika makazi mbalimbali, walipewa uraia wa Tanzania. Karatasi iliyosubiriwa kwa miaka zaidi ya 40 haipigwi picha na kutumwa kwa mtu usiyemjua. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, nayo itunze vilevile. Laini za simu husajiliwa kwa namba hiyo pamoja na alama ya kidole. Basi mtu akipita kijijini na kimashine, akataka uweke kidole “kwa usajili wa ajira”, mkatalie. Laini itakayosajiliwa kwa jina lako ndiyo itakayomwibia mwingine, na polisi wataanza kwako. Piga *106# uone ni namba ngapi ziko kwa jina lako. Usiyoitambua, nenda ukaifute.

Ukipata ujumbe wa kitapeli, upeleke pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kama umeshatuma fedha, pigia mtandao wako papo hapo uombe muamala uzuiwe, kisha nenda polisi bila kufuta ujumbe hata mmoja, kwa kuwa ndio ushahidi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Wengi hunyamaza kwa aibu, na ukimya wao ndio unaompa tapeli nafasi ya kurudi kijiji hicho hicho kwa jina jipya.

Wiki ijayo: namna ya kusoma mkataba wa ajira kabla ya kutia sahihi, na vipengele ambavyo visipokuwemo usikubali.